Pasiposikika
Nilijiunga na chama cha wasikilizaji wa redio za mbali nikiwa nimevuka hamsini. Sauti ya masafa mafupi hugonga tabaka za juu za anga, ikashuka maelfu ya kilomita mbali, imechoka. Msikilizaji hukiandikia kituo saa, masafa, alichosikia, na usikivu kwa tarakimu, 1 hadi 5. Kituo kikiridhika humletea kadi ya uthibitisho. Neno lililomezwa na mikwaruzo halibuniwi. Kwangu mimi, mfasiri nisiye na mwalimu, hilo ni somo: tungo za kale nazo hutufikia zimechoka, kwa vinywa vya wazee. Mwaka 2015 mitambo ya Deutsche Welle pale Kigali ilizimwa. Wazee nao hawatungoji. Tuwasikilize, na pasiposikika tupaache wazi.