Divai ya Bei Ndogo Mezani

Kuna watu wasemao kwamba divai ya bei ndogo ni aibu mbele ya mgeni wa heshima. Kwa ajili ya neno hilo wengi hutoa fedha wasizo nazo, na kesho yake watoto hukosa viatu vya kwendea shule. Ndugu msomaji, tulipime neno hilo.

Bei ya divai hutoka wapi? Hutoka katika zabibu, lakini hutoka pia katika muda na mapipa. Huko Hispania, divai nyekundu iitwayo crianza haiuzwi kabla ya miaka 2, na katika muda huo hulala ndani ya pipa la mti wa mwaloni miezi 6 kwa uchache. Katika jimbo la Rioja hulala mwaka mzima. Mapipa ni ghali, tena divai iliyolala ghalani haimpi mwenyewe fedha. Bali divai changa, iitwayo joven, huuzwa mapema, na mara nyingi haipiti katika pipa. Basi udogo wa bei yake si ushuhuda kwamba zabibu zake ni mbaya.

Baba yangu alipokuja Ulaya kutusalimu, alipokewa Brussels nyumbani kwa shemeji yangu. Shemeji alitaka kununua chupa ya euro 30. Dada yangu hakukubali. Aliweka mezani divai changa ya Jumilla, ya euro 5. Jumilla iko kusini-mashariki mwa Hispania, penye jua kali na mvua chache. Zabibu zinazolimwa huko zaidi huitwa monastrell. Ganda lao ni nene, na divai yao hufika mara nyingi asilimia 14 ya kileo au kupita.

Kwa sababu ya nguvu hiyo, dada aliipoza chupa kidogo, maana divai ya namna hii ikiwa na joto hunuka kileo tu. Niliitazama: rangi yake ilikuwa kama ya zambarau zilizoiva. Niliinusa, nikapata harufu ya matunda meusi. Nilipoionja, ladha ya matunda ilitangulia, kisha ukafuata ukakasi kama wa chai iliyokolea. Ladha ile haikukaa sana kinywani. Hapo ndipo divai iliyongoja huishinda. Lakini tulipoinywa pamoja na nyama ya mbuzi, ukakasi ulilainika, na nyama ikazidi utamu.

Baba hakuuliza bei. Alikunywa glasi moja, akaifunika kwa kiganja, akasema: “Mkwe wangu, imetosha. Sasa niitie wajukuu wangu.” Nikamwona shemeji akishusha pumzi.

Wewe unayepokea wageni, soma karatasi ya chupa: jimbo, aina ya zabibu, mwaka wa mavuno. Chagua kwa kadiri ya mfuko wako, na umpatie mgeni chakula kinachopatana nayo. Aliyekuja kwa upendo hahesabu fedha ulizotoa, naye hatafurahi akijua kwamba amekunywa viatu vya watoto wako.