Je, Mwizi wa Kwenye Gemu Afungwe?

Vijana wengi wa rika langu hapa Kampala wanaijua Los Santos kuliko wanavyoijua Gulu au Mbarara. Los Santos ni jiji la kubuni katika mchezo wa Grand Theft Auto: San Andreas uliotoka mwaka 2004, na limechorwa kwa kuiga Los Angeles ya Marekani. Humo mchezaji anamwongoza kijana aitwaye Carl Johnson. Anaweza kumvuta dereva nje ya gari lake, kumpiga, kuondoka na gari, kisha kumgonga mpita njia kwenye kona inayofuata. Polisi wakimwona, nyota zinawaka juu ya skrini. Zikifika sita, jeshi linamfuata kwa vifaru. Lakini akilipeleka gari gereji likapakwa rangi mpya, polisi wanamsahau. Akikamatwa, anatoka mlangoni mwa kituo bila bunduki zake na akiwa amepungukiwa pesa kidogo. Akiuawa, anatoka hospitalini akitembea, na kazi inaendelea.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, michezo ya namna hii inapaswa kuonyesha matokeo ya uhalifu kama yalivyo katika maisha? Wazazi wengi, mama yangu akiwa mmoja wao, wanajibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Mwizi afungwe, mtoto aone, ajifunze. Mdogo wangu ana miaka 14, na kila Jumamosi yuko kwenye banda la gemu karibu na steji ya bodaboda. Kwa hiyo kwetu swali hili si la darasani tu. Mama anataka kumkataza kabisa, na ananitazama mimi, msomi wa nyumba, nimwambie kama ana haki.

Nianze na wanaosema hapana, kwa sababu hoja zao si nyepesi. Mchezo ni mchezo, wanasema. Katika omweso wetu unateka kete za mwenzako shimo baada ya shimo, na hakuna anayeuliza kete zilizotekwa zimeacha wajane wangapi. Tena, watoto wa Buganda wamelelewa kwa hadithi za Wakayima, yule sungura mjanja anayedanganya, anayeiba, anayewaponza wanyama wenzake na kwenda zake akicheka. Hatujawa taifa la wezi kwa sababu ya sungura. Hoja ya aina hii ilifika hata Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 2011 mahakama hiyo ilibatilisha sheria ya jimbo la California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya video yenye ukatili. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi huo, alikumbusha kwamba hata hadithi za Grimm wanazosomewa watoto zimejaa damu.

Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Sitaki sheria ya kukataza gemu, na sidai kwamba Carl Johnson amemfundisha mtu yeyote wa mtaani kwetu kuiba. Ila naona tofauti mbili. Kwanza, kete ya omweso haina uso. Mchoraji anapotumia nguvu zote za kompyuta ili jasho, viatu na kivuli vifanane na vya binadamu, halafu yule aliyegongwa na gari akatoweka barabarani baada ya muda mfupi kana kwamba hakuzaliwa, kile kilichoachwa nje nacho kinasema jambo. Pili, hadithi ya Wakayima ilikuwa na msimulizi. Bibi alipomaliza aliuliza, "Haya, mmejifunza nini?" na usiku ule tulibishana kama sungura alikuwa na haki. Banda la gemu halina bibi. Lina mwenye mashine, ambaye anauliza swali moja tu: umelipia dakika ngapi?

Hata hivyo, jibu la mama nalo linanitia shaka. Tukisema gemu ionyeshe matokeo halisi, tunamaanisha uhalisia upi?

Mwaka juzi kijana mmoja katika mtaa wetu alishukiwa kuiba simu. Mtu alipiga kelele, "Mwizi!" na watu wakatoka madukani, gereji na kwenye vibanda vya chipsi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 23, inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kijana yule hakupewa hata dakika 10. Mdogo wangu alikuwa anarudi shuleni, akaona kwa macho yake. Sitaeleza alichokiona. Gari lilikuja baadaye kuuchukua mwili, na kesho yake asubuhi maduka yalifunguliwa kama kawaida. Waliorusha matofali waliuza sukari, walijaza upepo kwenye matairi, walitusalimu. Hakuna aliyekamatwa.

Ikiwa uhalisia ni huo, basi gemu "halisi" ya Kampala ingemwonyesha mtoto kwamba mwizi wa simu anauawa hadharani. Wapo watakaosema hilo ni fundisho zuri. Mimi naona lingefundisha ukatili mwingine, tena wenye baraka za watu wote. Siku chache baada ya tukio lile mdogo wangu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Dada, mbona wale waliompiga hawakupata nyota hata moja?"

Swali hilo ndilo lililonigeuza mawazo. Nilikuwa nikimtafuta Carl Johnson kwa wezi, kumbe mwizi wa mtaani kwetu anajua fika kwamba akishikwa atakufa. Wanaoishi kama wamo ndani ya San Andreas ni lile kundi: kupiga, kuua, kisha kuamka asubuhi bila deni kwa mtu yeyote, wala kwa mama wa marehemu anayeishi njia tatu kutoka kwetu. Kinachokosekana kwenye gemu na mtaani ni kitu kimoja. Adhabu ipo, wakati mwingine hata imezidi. Hakuna anayelazimika kumtazama aliyeumizwa, wala wale aliowaacha.

Kwa hiyo nikiulizwa kama gemu zionyeshe matokeo ya uhalifu, nasema ndiyo, lakini matokeo ninayoyataka hayaanzi gerezani. Yanaanza kwa mtu aliyetendewa. Wapo watengenezaji ambao tayari wamefanya hivyo, na michezo yao haikukosa wachezaji. Katika Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018, jambazi Arthur Morgan anatumwa kudai deni kwa mkulima mgonjwa. Anampiga, mkulima anamkoholea damu usoni. Baadaye Arthur anagundua kwamba ameambukizwa kifua kikuu, na kabla ya kufa anakutana tena na mjane wa yule mkulima na mwanawe, akaona alivyoyaharibu maisha yao. Katika This War of Mine, uliotolewa mwaka 2014 na kampuni ya 11 bit studios ya Poland, mchezaji si askari. Anawatunza raia wenye njaa katika jiji lililozingirwa, wazo lililotokana na kuzingirwa kwa Sarajevo. Anaweza kuingia nyumba ya wazee wawili na kuwachukulia chakula chao chote. Hakuna polisi atakayekuja, na hakuna nyota itakayowaka. Lakini akirudi na mzigo ule, watu wake wanahuzunika, na huzuni ikizidi wanashindwa hata kufanya kazi.

Hata Shirika la Msalaba Mwekundu limeligusa jambo hili. Mwaka 2013 Kamati yake ya Kimataifa iliwaomba watengenezaji wa michezo ya vita waingize sheria za vita ndani ya michezo yao, ili anayetesa mateka au kuua raia akutane na matokeo yake. Haikuomba michezo ipigwe marufuku. Mwaka 2017 mchezo wa Arma 3 ulitoa sehemu mpya iliyotayarishwa kwa ushirikiano na kamati hiyo, ambayo inamweka mchezaji katika nafasi ya mtu anayetegua mabomu baada ya vita kwisha.

Nilimwambia mama kwamba simuungi mkono katika kumkataza mtoto, wala simuungi mkono mwenye banda. Tulielewana kwamba Jumamosi nitakwenda naye, na nikishindwa kwenda, haendi. Nakaa pembeni kwenye benchi. Akimgonga mtu namuuliza alikuwa anakwenda wapi yule, na nani anamsubiri nyumbani. Mwanzoni alichukia. Siku hizi marafiki zake wanajibu kabla yake, wanabuni: alikuwa anapeleka dawa, alikuwa anakwenda kwenye arusi ya dada yake. Gari bado linaibwa, lakini linaendeshwa polepole zaidi.

Wenzangu tunaosoma fasihi ya Kiswahili, kazi hii inatuhusu pia. Tunasubiri gemu kutoka Marekani na Poland kisha tunabishana juu yake, wakati hadithi za kwetu hazijaingia kwenye mashine. Mimi ningependa kuona moja inayoanzia sokoni. Mchezaji asiwe mwizi wala polisi. Awe mtu wa kawaida aliyekwenda kununua nyanya, akasikia kelele za "Mwizi!", akajikuta ana tofali mkononi na watu wote wakimtazama. Achague. Na vyovyote atakavyochagua, kesho yake asubuhi njia ya kwenda kazini ipite mbele ya nyumba ya mama wa kijana yule, na mama awe ameketi nje, amsalimie.