Vumbi la Gari la Mzee

Mwaka uliopita tulikabidhiwa gari la marehemu mzee mmoja wa parokia yetu, Peugeot 404, ya aina iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Watoto wake walitaka lirudi barabarani. Sisi wanne, tunaojifunza ufundi katika garaje ndogo hapa Lubumbashi, tulijiona tumebahatika.

Kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria palibandikwa ubao mwembamba wa kijivu wa kuzuia joto. Ulikuwa umemomonyoka. Tuliukwangua kwa bisibisi, kisha tukapuliza masalia kwa hewa ya kompresa. Vumbi lilipanda, likang’aa katika mwanga wa dirisha, nasi tukacheka. Tulikula mihogo yetu papo hapo, mikono ingali myeupe.

Fundi wetu aliporudi alisimama mlangoni, asiingie. “Wanangu, nani amewaruhusu kupuliza?”

Alitutoa nje, tukanawa, ndipo akatueleza habari za asbesto, ambayo wengi kwetu huiita amianti. Ni jiwe lenye nyuzi, halichomeki. Ndiyo sababu magari ya zamani yalitiwa asbesto kwenye breki, klachi na kinga za joto. Nyuzi zake ni nyembamba hata jicho halizioni. Zikiingia mapafuni hukaa humo, na saratani yaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Ufaransa imeipiga marufuku tangu mwaka 1997. Je, ubao wetu ulikuwa nayo? Maabara pekee ndiyo ingejibu. Kwa kuwa hatukuwa na maabara, alisema, tuuhesabu kuwa unayo.

Sehemu iliyobaki tuliiondoa kwa namna nyingine: tuliilowesha kwa maji yenye sabuni kidogo, tukavaa barakoa zenye kichujio badala ya vitambaa, tukaibandua polepole bila kuivunja. Hatukutumia ufagio, bali matambara mabichi. Vyote, pamoja na nguo tulizovaa, vilifungwa katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Mahali pake tuliweka blanketi la nyuzi za kioo lenye uso wa alumini. Kazi hiyo ya pili ilitwaa siku moja tu, wala haina mengi ya kusimulia.

Lililokuwa gumu ni Mama jirani, auzaye mandazi, ambaye mara nyingi ametukopesha chakula. Aliona vipande vikubwa, akaomba kimoja akiweke chini ya mbabula yake, meza isiungue. Tulimkatalia. Tulijaribu kumweleza ugonjwa usioonekana, utakaokuja baada ya miaka 30, ilhali meza yake inaungua leo. Alidhani tunamnyima. Twakiri kwamba maneno yetu yalikuwa mepesi mno, maana asubuhi ile ile alikuwa ametuona tukicheka ndani ya vumbi lile lile.

Jioni fundi alituambia kwamba katika ujana wake alikuwa akipuliza vumbi la breki kwa kinywa chake mwenyewe, kila siku, kama alivyofundishwa. Hatukuthubutu kumwuliza zaidi.

Gari limekwisha kurudi kwa wenyewe. Mifuko hatukuitupa jalalani, ambako watoto huokota vitu. Imo ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko, katika kona ya ghala, ikingoja mahali pa kupelekwa. Mama ameuliza habari za pipa hilo mara mbili.