Mshipa wa Makalio na Shindano ya Vakanse



Vakanse iko karibu. Sisi wa darasa la mwisho tumeona ni vema kusema neno moja mbele ya kila mmoja kurudi kwao. Huko nyumbani, mwanafunzi aliyesoma biolojia anageuka munganga. Mama analeta mtoto mwenye homa, na chupa ya dawa, na shindano, anasema: "Mwanangu, wewe umesoma, umupige." Ni juu ya neno hilo tunaandika habari ya mishipa ya fahamu ya mguu. Siyo somo la mtihani tu.

Mishipa ya fahamu siyo mishipa ya damu. Iko kama nyuzi za telefone. Inapeleka amri ya ubongo kwa misuli, na inarudisha habari ya maumivu, ya joto na ya baridi. Katika mguu wa mtu mkubwa habari inakimbia karibu metre 50 kwa sekunde moja. Nyuzi hizo zote zinatoka katika uti wa mgongo, kiunoni na chini yake.

Mshipa wa kwanza ni femorali. Unapita mbele ya paja na kuamuru misuli inayonyoosha goti. Munganga akigonga chini ya kifuniko cha goti na mguu ukaruka, ni mshipa huu unajibu. Wa pili ni obturatori, unaoamuru misuli ya ndani ya paja, ile inayofunga miguu pamoja.

Wa tatu ndio mkubwa: siatiki. Hakuna mshipa wa fahamu mnene kama huo katika mwili wote. Kwa mtu mkubwa upana wake unafika karibu santimetre 2. Unatoka ndani ya nyonga, unapita chini ya nyama ya makalio, unashuka nyuma ya paja. Karibu na goti unagawanyika mara mbili. Tawi la tibia linashuka katika shavu la mguu mpaka unyayo. Tawi la peronea linazunguka upande wa nje, chini kidogo ya goti, juu ya ule mfupa mwembamba, karibu sana na ngozi.

Jaribuni ninyi wenyewe. Simameni juu ya vidole: ni kazi ya tibia. Sasa simameni juu ya visigino, vidole vikiwa juu: ni kazi ya peronea. Mtu aliyechuchumaa saa nyingi shambani anaweza kubana peronea yake, na akisimama wayo haumtii.

Basi, tufike kwa shindano. Makalio ya mtoto mdogo iko na nyama kidogo, na siatiki iko pale pale chini. Ncha ya shindano inaweza kuutoboa mshipa. Hata isipoutoboa, dawa kali kama kinini ikimwagika kando yake inaweza kuuunguza. Mtoto analia sana, maumivu yanashuka mguuni kama moto. Kisha wayo unalegea, vidole vinaburuta chini. Alikuja na homa, anarudi kilema.

Hapo watu wanaanza kusema: ni uchawi wa jirani. Wengine wanasema ni polio. Lakini polio inaharibu zile sehemu za uti wa mgongo zinazoamuru misuli. Ngozi inaendelea kusikia. Siatiki ikiumizwa, mara nyingi ngozi ya wayo nayo inakufa ganzi, na taabu inaanza mara moja au muda mfupi baada ya shindano. Tusimfukuze bibi wa watu kwa kosa la ncha ya chuma.

Mshipa ukiumia unaweza kuota tena, lakini karibu milimetre 1 tu kwa siku. Toka makalio mpaka wayo wa mtoto, tuseme santimetre 50, ni siku 500, na mara nyingine haurudi kabisa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali mbio. Nyumbani wayo wake uinuliwe kwa mkono kila siku polepole, usikakamae.

Wauguzi waliofundishwa wanachagua upande wa nje wa paja kwa watoto wadogo, mbali na siatiki. Kwa mkubwa, wakipiga makalio, wanaigawa sehemu nne na kuchagua ile ya juu upande wa nje. Na malaria isiyo kali inapona kwa vidonge. Shindano ni ya malaria kali. Tangu 2011 Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri artesunati pahali pa kinini kwa watoto wenye malaria kali.

Wadogo zetu, mama akiwaletea shindano, msione haya. Mjibu kwa heshima: "Mama, hii kazi siyo yetu. Twende pamoja dispansere." Mumubebe mtoto, hata kama njia ni ndefu. Yeye naye iko na haki ya kukimbia kwa miguu yake miwili.