Kabla Hujamwita Fundi

Chumbageni, Tanga

Mpwa wangu Mwanaidi,

Ujumbe wako na picha ya skrini nimevipata.

Hayo maneno ya baba yako kwamba Ubuntu imeiua kompyuta yasikutoe jasho. Haijafa. Ila usikubali fundi aje kupiga Windows kabla hujajua kilichoharibika. Kama ni RAM, Windows nayo itasumbua, na hela utakuwa umeshatoa.

Umenielezea makosa mawili, lakini kwa kweli ni moja. Kwanza usakinishaji wa Ubuntu ulikwama faili zikinakiliwa. Ulipozima na kuwasha, mashine ikasema haioni diski ya kuwakia. Hilo la pili ni matokeo tu: GRUB, ile programu ndogo inayouamsha mfumo, huwekwa mwishoni, nawe hukufika huko. Kwa hiyo acha kuchokonoa BIOS, na Secure Boot iache ilivyo.

Tazama tena picha uliyonitumia, mstari wa tatu kutoka chini. Pameandikwa squashfs. Hilo ni furushi ambamo Ubuntu nzima imebanwa, nalo limo kwenye flashi, halimo kwenye diski. Mashine ilikuwa inasoma flashi ikashindwa. Basi anza na flashi.

Faili la Ubuntu 24.04 lina takribani GB 6, na wewe umelipakua kwa bando la simu usiku kucha. Mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kuharibika na jina likabaki lilelile. Ubuntu huchapisha namba ya uhakiki ya kila faili, herufi na tarakimu 64. Kwenye kompyuta ya Windows uliyotumia, fungua kidirisha cha amri uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Linganisha na ile iliyochapishwa. Ikitofautiana hata herufi moja, pakua upya.

Ikilingana, mtuhumiwa ni flashi yenyewe. Hizi zinazouzwa barabarani kwa bei ya kutupa nyingine zimeandikwa GB 64 na ndani hazina hata robo yake. Zinapokea kila unachoziwekea bila kulalamika, kisha ukisoma unakuta takataka. Tafuta nyingine unayoiamini, andika kwa balenaEtcher, na uiache imalize kuhakiki ilichoandika. Watu wengi huona uvivu wakaruka hapo.

Ikikwama tena na flashi nzuri, ndipo tuishuku RAM. Hiyo mashine ni ya mtumba, na imekaa miaka dirishani ikipigwa na upepo wa bahari. Chumvi na unyevu hutia utando kwenye meno ya RAM. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli ukutoke, toa kipande kwa kukishika pembeni, sugua meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, rudisha mpaka kilie ta! Kisha, ukikiona kipimo cha kumbukumbu ya RAM kwenye menyu ya flashi, kichague ukiache kifanye kazi usiku mzima. Ukiona kosa hata moja, kipande hicho hakifai. Na kila mara badilisha kitu kimoja tu, vinginevyo ikipona hutajua ilikuwa nini.

Ulifanya la maana kuitoa diski ya zamani na kuweka mpya. Hesabu za duka zipo kwenye ile ya zamani, kwa hiyo ihifadhi pakavu, na baba yako asimwazime mtu yeyote.

Halafu mwambie baba yako kwamba Linux, ukoo wa Ubuntu, si mali ya Ulaya na Marekani peke yake. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na mwaka huohuo mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Na Windows 10 aliyoizoea iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025.

Ukishahakiki lile faili, nitumie matokeo kabla hujagusa kitu kingine. Mama yako mwambie nitafika Pangani Ijumaa, na dagaa asisahau.

Mjomba wako