Ifakara Bila Gari? Lala Jirani na Ukumbi!

Ukiitwa semina Ifakara na huna gari, usikimbilie gesti ya bei poa. Mimi nilikimbilia. Basi la kutoka Morogoro lilinishusha usiku, nikaenda kulala pembezoni kabisa mwa mji. Asubuhi masika yakamwaga, matope tele, bodaboda hakuna. Nilifika ukumbini saa nne, posho ya siku imeshapanda mbawa!

Jioni nikahamia jirani na ukumbi. Bei ilizidi kidogo, lakini nilikwenda kwa miguu. Mvua ikikata, Ifakara ni tambarare, baiskeli ya kuazima inatosha.

Chandarua nacho kague. Waswisi hawakujenga maabara ya magonjwa ya tropiki hapa miaka ya 1950 bila sababu. Mbu wa Bonde la Kilombero hana mchezo.

Kwa hiyo, uliza njia kwanza, bei baadaye.