Mkia wa Adenini: Maisha ya Kazi katika Maabara ya Chai, Kericho

Sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mwandishi wa tawasifu hii ilipita Timbilil, nje ya mji wa Kericho, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,180, ambako utafiti wa chai wa Afrika Mashariki umefanyika tangu 1951. Kazi yake ilikuwa kutoa RNA mjumbe katika majani ya chai, yaani ile nakala ya jeni inayopeleka maagizo kutoka kiini cha seli hadi mahali protini zinapoundwa, na suala lililomshughulisha kuliko yote ni jinsi seli inavyojua nakala hiyo ikatwe wapi.

Nakala mbichi haitumiki kama ilivyo. Huondolewa vipande visivyo na maagizo, viitwavyo introni, ambavyo viligunduliwa mwaka 1977 na makundi ya Richard Roberts na Phillip Sharp, na ncha ya nakala hukatwa na kuongezewa mkia wa adenini, mojawapo ya herufi nne za RNA. Mwaka 1976 Nicholas Proudfoot na George Brownlee walionyesha kwamba kabla ya mahali pa kukatia, katika wanyama, hukaa herufi sita, AAUAAA, na ufundishaji wa siku zile ulizichukulia herufi hizo kama sheria ya viumbe vyote.

Mimea haifuati sheria hiyo. Katika Arabidopsis, gugu dogo linalotumiwa sana na watafiti, takriban jeni moja tu kati ya kumi hubeba AAUAAA kamili; zilizobaki hutegemea maeneo mapana yenye wingi wa herufi U na A, ambayo hakuna hata moja linalotosha peke yake. Bakteria nao wana mkia huo, ila kwao huharakisha kuvunjwa kwa nakala, wakati katika mimea na wanyama kwa kawaida huilinda.

Maabarani ugumu ulianzia kwenye jani lenyewe. Majani mawili na chipukizi, yaliyogandishwa kwa nitrojeni kimiminika, yalisagwa kwa kinu na mchi hadi unga, kwa sababu yakiyeyuka kidogo tu polifenoli zake, ndizo hizo zinazokipa kikombe rangi na ukali, huungana na hewa, hunata kwenye RNA na kuacha tope la kahawia lisilofaa kitu. Unga ulipookolewa, nakala zilinaswa kwa vipunje vya sumaku vyenye nyuzi fupi za thimini, herufi ya DNA inayoshikamana na adenini. Vipunje hivyo hivyo vinafaa kwa damu ya ng'ombe, maana ishara za kukatia hutofautiana lakini mkia ni ule ule.

Ng'ombe hawakuwa mbali na kazi hiyo, kwani mashamba mengi ya Bomet, jirani na Kericho, yana chai na maziwa pamoja. Vimelea vya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, viitwavyo Theileria parva, ambavyo jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2005, vina jeni zipatazo 4,000, nyingi zikiwa na introni. Tripanosoma, vimelea wengine wa ng'ombe wanaoenezwa na ndorobo, karibu hawana introni kabisa: jeni zao hunakiliwa kwa mnyororo mrefu, kila nakala hupachikwa kichwa cha herufi 39 kutoka RNA nyingine, na mahali pa mkia huamuliwa na mahali pa kupachika kichwa cha jeni inayofuata. Mwandishi hakuona mpangilio mwingine wa ajabu kama huo.

Mkulima anayesubiri mizani kwenye kituo cha kununulia chai hana haja na adenini. Huuliza kama kloni itavumilia ukame, au kama chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa mwaka 2011, italeta bei. Lakini rangi hiyo hutokana na anthosiani, na kiasi chake hutegemea ni nakala ngapi za jeni husika zinazofika mwisho zikiwa kamili. Jenomu za chai zilipochapishwa mwaka 2017 na 2018, miisho hiyo iliweza kuwekwa kwenye ramani, na hadi anastaafu mwandishi aliwahimiza vijana wa maabara waisome katika chai yenyewe, wasiikisie kwa programu zilizofunzwa kwa jeni za binadamu.